Mjadala: Jina la Alexandre Villaplane libaki au lifutwe kwenye orodha ya manahodha wa Ufaransa?

Wakuu, Julai 13, 1930, mjini Montevideo, Ufaransa iliichapa Mexico 4-1. Siku hiyo ndipo Kombe la Dunia lilipoanza, na Lucien Laurent akafunga bao la kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo. Aliyeiongoza Ufaransa uwanjani alikuwa Alexandre Villaplane. Desemba 26, 1944, nchi hiyohiyo ilimpiga risasi kwenye ngome ya Montrouge, nje kidogo ya Paris, kwa kosa la kuwatumikia Wanazi.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Upande mmoja unasema jina lake lisitajwe popote panapotajwa mashujaa wa timu ya taifa. Upande wa pili unasema tuhesabu mechi zake tu, ya vita tuwaachie wanahistoria. Mimi napinga pande zote mbili.

Tuanze na mpira wenyewe, maana jamaa alikuwa anaujua. Alizaliwa Algiers, kwenye familia ya walowezi wa Kizungu (wanaomweka kwenye orodha za Waafrika waliotamba Ulaya walizingatie hilo), akaibukia Sète, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa kiungo hodari wa vichwa na wa kunyang'anya mipira. Kati ya 1926 na 1930 aliichezea Ufaransa mechi 25, nyingi kwa zama zile.

Wakati huo soka la Ufaransa lilikuwa la ridhaa kwa jina tu. Klabu zilimtafutia mchezaji kazi ya kwenye makaratasi, mshahara ukapitia humo. Villaplane alitoka Sète, akaenda Nîmes mwaka 1927, na 1929 akatua Racing ya Paris. Fedha zilikuwepo, ila hakuna aliyeruhusiwa kuzitaja. Jijini Paris akazama kwenye kumbi za starehe na mbio za farasi, akazoeana na wahuni wa mjini.

Soka la kulipwa liliporuhusiwa, ligi ikaanza msimu wa 1932-33, naye akawa Antibes. Antibes iliongoza kundi lake na ilistahili kucheza fainali, lakini ikaondolewa kwa tuhuma za kununua mechi dhidi ya Fives ya Lille. Nafasi ikaenda kwa Cannes, ambayo ilifungwa 4-3 na Olympique Lillois. Lawama rasmi zilimwangukia kocha. Villaplane akahamia Nice, kisha timu ndogo ya Bordeaux, kiwango kikizidi kushuka. Mwaka 1935 alifungwa jela kwa kupanga matokeo ya mbio za farasi.

Hapa kuna hoja ninayoisikia sana: kwamba unafiki wa soka la ridhaa ndio uliomharibu, kwamba mtu aliyefundishwa mapema kupokea fedha za kificho hawezi kuishia pazuri. Viongozi wa soka wana lao la kujibu kuhusu Antibes, hilo sibishi. Lakini kutoka kununua mechi hadi kuua raia ni mbali mno, na hakuna klabu iliyomsukuma huko.

Wajerumani walipoikalia Paris alijiunga na genge la Henri Lafont na Pierre Bonny, lile lenye makao yake mtaa wa Lauriston namba 93 (93 rue Lauriston), lililokamata, kutesa na kupora kwa niaba ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Mwaka 1944 akapewa kikosi katika Brigedi ya Afrika Kaskazini, akavaa sare za SS, jeshi la chama cha Wanazi, wakapelekwa Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuwawinda wapiganaji wa msituni. Juni 11, 1944, katika mji wa Mussidan, watu 52 waliuawa, na brigedi hiyo ilishiriki. Mahakamani upande wa mashtaka ulieleza jinsi alivyowatoza watu fedha huku akijifanya anawaokoa na kifo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: aliigeuza hofu ya watu kuwa biashara.

Sasa mtazameni Étienne Mattler, beki wa Sochaux. Alikuwa naye kikosini Uruguay mwaka uleule wa 1930, na baadaye yeye pia akawa nahodha wa Ufaransa. Vita vilipokuja aliingia kwenye harakati za siri za kuwapinga Wajerumani, akakamatwa na kuteswa na Gestapo. Rino Della Negra, kijana wa Red Star, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, alipigwa risasi na Wajerumani Februari 1944 akiwa na miaka 20. Mpira ni uleule, kila mmoja akachagua njia yake.

Ndiyo maana nasema jina libaki, na pembeni yake paandikwe Mussidan na rue Lauriston, palepale ukurasani. Ukilifuta, unalipatia soka la Ufaransa historia safi ambayo halikuwa nayo, na hata Mattler anapungua, kwa sababu msomaji hataona kwamba kulikuwa na njia nyingine, na kwamba nahodha mwingine wa Ufaransa aliifuata.

Mnaotaka lifutwe, karibuni mnijibu hili: kwenye karatasi ya mechi ya Montevideo, palipo na nahodha wa Ufaransa, mtaandika nini?