"Shambles" limetokana na shamba?

Mtafsiri_Eastlands
Wadau, ninatafsiri ripoti ya ukaguzi wa sacco. Sentensi moja inasema "the records were in a shambles". Kuna anayeshikilia kwamba neno hili limetoka kwa shamba letu. Ni kweli? Na mbona linatanguliwa na "a" ilhali lina "s" mwishoni? Kwa Kiswahili niandike nini?

Kamusi_Mkononi
Shamba halimo kabisa. Asili ni Kilatini, scamellum, yaani kigoda. Kijerumani bado kinaita kigoda Schemel. Kiingereza cha kale kililitumia kwa kigoda, kisha kwa meza ya kuuzia bidhaa, hasa nyama. Kufikia karne ya 15, shambles lilikuwa soko la nyama. Karne ya 16 likawa kichinjio, halafu mahali popote palipomwagika damu nyingi. Fujo isiyo na damu, kama ya faili zako, ni maana changa ya karne ya 20.

Fungua 1 Wakorintho 10:25 katika King James ya 1611: "Whatsoever is sold in the shambles, that eat." Ukiisoma kwa maana ya leo, Paulo anaruhusu watu wale kitu kinachouzwa kwenye fujo! Kigiriki chake ni makellon, soko la nyama, na Biblia ya Kiswahili ikasema sokoni. Basi angalia kwanza andiko ni la mwaka gani, ndipo uchague maana.

Bucha_na_Maneno
Mjini York, Uingereza, upo mtaa unaoitwa The Shambles hadi leo. Ulikuwa wa mabucha: vizingiti vipana vya madirisha vilitumika kupangia nyama, na njia imeinuliwa pande zote mbili ili damu na maji ya kuoshea yapite katikati.

Kamusi_Mkononi
Kuhusu sarufi: umbo ni la wingi, matumizi ni ya umoja, ndiyo maana husemwa "it was a shambles". Waingereza hupendelea "in a shambles". "In shambles" bila "a" imezoeleka Marekani, na magazetini hapa kwetu utaikuta pia. Usikate "s" ukadhani umesahihisha, kwa sababu "shamble" ni kutembea kwa kukokota miguu.

Mhariri_wa_Usiku
Epuka "vurugu". Msomaji wa Nairobi atadhani wanachama walipigana. "Shaghalabaghala" inabeba maana yote na inafaa kwenye habari au mazungumzo. Kwa ripoti ya ukaguzi ningeandika "kumbukumbu hazikuwa na mpangilio wowote". Usiongeze kwamba zilipotea: Kiingereza hakijasema hivyo, na kwa mkaguzi hizo ni hoja mbili tofauti.

Mtafsiri_Eastlands
Asanteni sana. Na "shambolic" je? Limo ukurasa unaofuata.

Mhariri_wa_Usiku
Ni kivumishi cha neno hilohilo, la mazungumzo zaidi, kutoka Uingereza. "Shambolic meeting" iandike "mkutano ulioendeshwa ovyo".