Tupeane uzoefu: watoto wetu wa Kigoma wanaokwenda shule gizani

Ndugu zangu, mwezi wa saba hapa kwetu jua linachomoza kama saa moja na dakika kumi asubuhi. Dar wanalipata zaidi ya nusu saa kabla yetu, na saa tunayofuata nchi nzima ni ileile. Binti yangu wa kidato cha pili anatoka Gungu saa kumi na moja na nusu ili awahi namba, yaani kuhesabiwa asubuhi shuleni. Juzi nimemkuta amelala na sare, soksi miguuni, asipoteze muda alfajiri. Roho iliniuma. Kule California, Marekani, tangu Julai 2022 sheria inazitaka shule nyingi za sekondari ya juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu, maana kijana akibalehe usingizi unachelewa kumshika usiku. Kumwambia alale mapema hakutoshi. Kwenu ikoje?

Mama Wawili, Ujiji: Wangu alitumbukia mtaroni gizani, goti likachanika. Alipofika akachapwa kwa kuchelewa, damu haijakauka kwenye soksi. Sasa namsindikiza mpaka barabara kubwa, ndiyo narudi kuwasha moto wa chai.

Mwalimu wa hesabu: Kipindi changu ni cha kwanza. Kidato cha nne wanasinzia na kalamu mkononi. Fimbo niliacha, nawatoa nje wakanawe uso. Wenzangu wanasema tukichelewa kuingia tutachelewa kutoka. Sawa, lakini jua letu linazama kama saa moja jioni! Akitoka saa kumi na moja bado ni kweupe. Kinachotukwamisha ni rimidio za alfajiri, yaani vipindi vya ziada, na hizo tumejipangia wenyewe.

Bibi Mwanga: Wajukuu wangu wakirudi saa kumi na moja, maji watachota saa ngapi? Hilo nalo mliweke mezani.

Mvuvi, Kibirizi: Bibi, shikamoo. Kwangu maji nitachota mimi. Tukitoka ziwani na dagaa tunapishana na watoto wanapandisha kilima, sura huzioni, unaona kola nyeupe tu. Jirani zetu Burundi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Yetu ikiwa moja, kwao ni kumi na mbili, na jua ni hilihili. Leo mtoto kanipita, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, nikaendelea na ndoo zangu. Alikuwa wa kwangu.