Wameyasukumia majani bombani wakayaita "usafi wa gata": malalamiko yangu kuhusu nyumba za zamani za mlimani

Heshima kwenu wakuu. Naandika nikiwa na hasira, na nimesubiri siku nne ili nisiandike jambo nisiloweza kulithibitisha. Kampuni niliyoilipa isafishe gata za nyumba yangu, yaani mifereji inayokinga maji ya paa, haikuzisafisha. Iliyaondoa majani mahali yanapoonekana, ikayasukumia mahali yasipoonekana, ikapokea malipo yote, na mvua ya kwanza iliponyesha maji yakaingia chini ya sakafu.

Nieleze kwanza mazingira, maana anayeishi tambarare anaweza kudhani kwamba nakuza mambo. Nyumba yangu ni ya zamani, ilijengwa kwa kukata mteremko, na upande wa nyuma udongo umepanda hadi karibu na usawa wa madirisha. Miti mikubwa imesimama juu ya mteremko huo, hivyo majani yake huangukia paa moja kwa moja, kisha mvua huyateremsha yote kwenye gata ya nyuma. Gata hiyo ikifurika, maji hayana pa kwenda. Tambarare yangemwagika uani yakatawanyika, lakini huku yanatua kwenye uchochoro wa hatua mbili kati ya ukuta na mlima, yanatuama hapo, halafu yanautafuta msingi. Upande huo wa paa una ukubwa wa mita za mraba 60 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inashusha lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200, na yote yanategemea bomba moja la kushushia maji lililo kwenye kona ya nyuma.

Walikuja vijana wawili, ngazi moja na mashine ya kupuliza upepo. Ndoo hawakuwa nayo hata moja, na hapo ndipo nilipopaswa kuwasimamisha, kwa sababu majani yaliyooza msimu mzima hujaza ndoo nyingi, na fundi asiye na ndoo hana pa kuyaweka. Ngazi waliiegemeza kwenye gata yenyewe, gata ya bati ya miaka mingi ambayo vishikizi vyake vimeshalegea, na nilipowaambia waiegemeze ukutani walinijibu kwamba wamezoea. Mmoja alipanda juu ya paa akawa anakanyaga katikati ya vigae badala ya kukanyaga ukingo wa chini, pale kigae kinapolalia mwenzake na kubebwa na ubao. Vigae vitatu vimepasuka. Kazi ilichukua chini ya saa moja, kisha nikatumiwa picha sita za sakafu ya gata ikiwa safi kabisa. Hakuna picha hata moja ya mdomo wa bomba.

Siku ya mvua nilisimama uchochoroni na mwavuli nikitazama. Maji yalijaa gata yakafika ukingoni, yakaanza kupita nyuma yake, katikati ya bati na ubao wa ukingo wa paa unaoshikilia gata, ambao mafundi huuita fishabodi, yakateremka ukutani kwa upana wa mita tatu hivi. Kule chini, kwenye chemba, yaani kishimo ambako bomba linapaswa kutokezea, kulikuwa kukavu. Nilipapasa ndani ya chemba kwa mkono nikakuta vumbi.

Mvua ilipokatika nilifungua elbo ya juu ya bomba, yaani kile kipande chake kilichopinda. Ilitoka kipande kizima, donge jeusi la majani lililoshikamana kama unga uliokandwa, lenye harufu ya kinamasi, na ndani yake kulikuwa na kidole cha glavu ya mpira ya bluu. Vijana wale walivaa glavu za bluu. Mimi sina glavu za rangi hiyo, na kabla yao hakuna aliyepanda juu ya paa hilo msimu huu. Donge hilo lilisukumwa kwa mkono.

Elbo nimeizibua mwenyewe. Kilichopita kikashuka zaidi ndicho kinachonikosesha usingizi. Nyumba nyingi za umri huu zina mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyofukiwa ardhini, yenye maungio mafupi mafupi ambayo mizizi ya miti huyapenya ikitafuta unyevu. Jani moja moja hupita humo, lakini rundo la matope ya majani hunasa kwenye mizizi, na likinasa hapo haliondoki kirahisi kwa mkono wala kwa waya, na huenda ukalazimika kuchimba. Bomba langu linapita chini ya varanda.

Nilipopiga simu, msimamizi alinipa majibu mawili: kwamba mvua ilikuwa kubwa, na kwamba nyumba ni ya zamani. Jibu la pili limeniudhi kuliko maji yenyewe. Uzee wa nyumba waliuona walipokuja kukagua na kukubali kazi, na ndio unaotaka mkono wa taratibu. Kazi hii inajulikana inavyofanywa. Mdomo wa bomba huzibwa kwanza kwa kitambaa ili kitu kisiingie, majani huchotwa kwa kijiko cha mkono na kuwekwa ndooni, kitambaa huondolewa, kisha mpira wa maji huwekwa kwenye mwisho wa gata ulio mbali na bomba, na mtu mmoja husimama chini akitazama maji yanavyotoka. Yasipotoka kwa nguvu, kazi haijaisha. Yakibaki madimbwi ndani ya gata, ujue imebonyea mahali na imepoteza mwinamo wake, ambao kwa kawaida ni kama milimita 5 kwa kila mita, na mteja anapaswa kuambiwa siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye joto mbu huhitaji takriban siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuruka. Jaribio hilo la maji lingechukua dakika kumi. Hawakulifanya, na picha zao haziwezi kuziba pengo hilo.

Jambo jingine, ingawa halinihusu moja kwa moja: siku hiyohiyo walimshawishi jirani yangu mzee awape kazi ya kuosha paa lake kwa mashine ya maji ya shinikizo. Paa hilo ni la mabati ya saruji yenye asbesto. Maji ya shinikizo huchubua uso wa mabati ya namna hiyo na kuziachia nyuzi zake, ambazo zikivutwa mapafuni husababisha maradhi, ikiwamo saratani. Nilimzuia kwa kumsihi sana. Mtu anayejitangaza kuwa mtaalamu wa nyumba za zamani hawezi kuwa hajui hilo, na kama kweli hajui, asipande juu ya paa la mtu.

Ninachodai nimekiandika na kuwapelekea pamoja na picha za donge na za ukuta: warudi na mtu mwenye kamera ya kuingiza bombani, walitoe walilolisukuma kwa gharama yao, na wabadilishe vigae vitatu. Sitaki punguzo la kazi ijayo waliyonitajia, kwa sababu hakutakuwa na kazi ijayo.

Kwenu wenye nyumba za mteremko, hasa mlio na mabomba ya udongo chini ya varanda au sakafu: kuna aliyefanikiwa kuzibua bomba lililonasa hivi bila kuchimba, na aliingilia upande wa chemba au upande wa juu?