Kikundi cha Ukoo wa Bi Tatu: mjomba na kipimo cha mpira

ALHAMISI

Salehe: [picha]

Salehe: Asha mwanangu nisomee hapo wamesema nifike saa ngapi. Na usimwambie mtu

Idi: Shikamoo mjomba. Hapa ni kwenye kikundi

Salehe: Ujumbe huu umefutwa

Idi: Umefuta maneno mjomba, picha bado ipo 😂

Zuhura: Salehe! Sigmoidoskopi ndiyo nini? Unaumwa nini na sisi hatujui?

Salehe: Si kitu dada. Mambo ya tumbo tu

Fatuma: Mambo ya tumbo? Wifi, huyu anatoka damu akienda chooni tangu mwezi wa pili. Nimejua kwa kufua nguo. Kila nikimuuliza ananiambia pilipili

Zuhura: Astaghfirullah

Salehe: Mama Asha na wewe

Fatuma: Ndiyo na mimi. Si umetangaza mwenyewe

Asha: Baba umeandikiwa Jumatatu saa 3 asubuhi. Njoo Dar Jumamosi usije na basi la usiku. Utalala kwangu

Zuhura: Rukia uko wapi? Tuna muuguzi kwenye ukoo halafu tunakisia

Rukia: Shikamooni wakubwa. Niko zamu, nitaandika vipande vipande. Mjomba umefanya vizuri kwenda. Damu mara nyingi ni bawasiri, lakini hakuna anayeweza kuapa hivyo mpaka pawe pameangaliwa ndani

Rukia: Kipimo chenyewe ni mpira laini, unene kama kidole, nchani una taa na kamera. Unaingizwa njia ya haja kubwa. Unatazama puru na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, upande wa kushoto. Utumbo mpana wote ni kama mita moja na nusu, huu mpira urefu wake sentimita 60 hivi, kwa hiyo haufiki mwisho

Salehe: Sentimita 60 ndiyo mkono wa kanzu

Idi: Fundi keshapima 😂😂

Salehe: Yote hiyo inaingia?

Rukia: Si lazima yote. Wengine daktari anaishia katikati akiona inatosha au mgonjwa amechoka

Zuhura: Mbona Mama Chichi alimeza mpira kwa mdomo?

Rukia: Ile ni OGD mama, ya wenye vidonda vya tumbo. Inatazama juu. Hii inatazama chini

Idi: Muhimu wasichanganye mipira

Rukia: Idi hakuna cha kuchanganya. Wa juu una mpira wake, wa chini una wake. Na ukitoka kwa mgonjwa unasuguliwa na brashi mpaka ndani ya vitundu vyake, unalowekwa dawa ya kuua vijidudu, ndipo unaenda kwa mwingine. Mimi mwenyewe ninaosha, najua

Zuhura: Basi kuanzia kesho Fatuma amchemshie sanamaki, aende akiwa msafi

Rukia: MAMA HAPANA. Sanamaki inaharisha kweli kweli, na mjomba ana sukari. Ataishiwa maji barabarani Segera. Dawa ya kusafisha watampa wao wenyewe

Zuhura: Sisi tumekuzwa na sanamaki

Rukia: Na mimi umenikuza nayo, nakumbuka vizuri 😭

Asha: Rukia hiyo dawa ya kusafisha anatumia nyumbani? Kwangu choo ni cha pamoja, wapangaji sita, na kitasa kibovu. Asubuhi kuna foleni ya ndoo

Rukia: Karatasi inasema enima atapewa hospitali, afike mapema. Nafuu. Ni dawa ya maji kidogo inaingizwa nyuma, ndani ya dakika chache unakwenda chooni, utumbo wa chini unabaki mtupu. Asiitumie nyumbani halafu apande daladala, nakuombeni

Mwanahawa UK: Nimetoka kazini nakuta jumbe 47. Salehe pole mdogo wangu. Mimi nilishapimwa hicho

Zuhura: Wewe? Lini? Hukusema!

Mwanahawa UK: Ningesema Idi aniweke kwenye stetasi? Ilikuwa 2018, nimetimiza 55. Siku hizo huku England walikuwa wanaita watu wa umri huo, hata kama huumwi popote. Barua ikaja na baadaye enima ikaja kwa posta, nikaiweka kabatini juu ya unga nikiikwepa

Mwanahawa UK: Kichupa cha plastiki chenye shingo ndefu, Salehe, kama kile cha mafuta ya cherehani. Siku yenyewe nikatandika taulo sakafuni bafuni, nikalala ubavu wa kushoto, nikajitia. Wanasema ujibane dakika tano ikiwezekana zifike kumi. Nilihesabu moja, mbili, ya tatu sikuimaliza. Lakini ilisafisha

Idi: Mamkubwa hii hadithi haina haja ya maelezo yote

Mwanahawa UK: Haya ondoka kwenye kikundi, mjomba wako ndiye anayetaka kujua

Salehe: Endelea dada

Mwanahawa UK: Pale walinipa kaptura ya karatasi yenye mpasuo nyuma. Nikalala, magoti nimekunja. Hawakunichoma dawa ya usingizi, sikutaka. Kuumia si kuumia kwa uchungu wa mtoto, hata robo. Ni tumbo la gesi, kama umekula kunde zisizoiva. Mpira ukifika kwenye kona ndipo panabana, nikasema jamani, yule nesi akaniambia vuta pumzi, pumua taratibu, pakaachia. Kuna televisheni pembeni unajiona ndani. Pinki, panang'aa kama ndani ya shavu. Nikaona mbegu ya nyanya imekaa peke yake. Dakika kumi hazikufika

Asha: Bado wanaita hivyo huko?

Mwanahawa UK: Waliacha 2021. Sasa wanatuma kifaa nyumbani, unachokonoa kinyesi chako na kijiti, unakifunga kwenye kichupa, unakirudisha kwa posta. Kila baada ya miaka 2. Wakikuta damu ndiyo unaitwa kwa mpira mrefu

Idi: Kinyesi kwa POSTA

Rukia: Ndiyo, na kinaokoa watu. Hata mpira huu mfupi nao, kuna utafiti mkubwa wa Uingereza ulitoka 2010: watu wa miaka 55 hadi 64 walioitwa kuangaliwa mara moja tu, vifo vya saratani ya utumbo mpana kwao vilipungua kama thuluthi. Ila hao walikuwa hawana dalili. Mjomba ana dalili, yeye si wa kuchunguzwa kwa tahadhari tu, anatafutiwa sababu ya damu

IJUMAA

Salehe: Nimesoma yote. Maumivu mimi siyaogopi, nimeshajishona kidole na cherehani mara ngapi. Ninachoogopa ni kulala pale nikiwa hivyo mbele ya watoto wa watu

Mwanahawa UK: ❤️

Rukia: Mjomba nikwambie kinavyokwenda. Unavaa gauni lao, linafungwa nyuma. Unalala ubavu wa kushoto, magoti kuelekea kifuani, wanakufunika shuka kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Panapoachwa wazi ni padogo. Daktari anaanza na kidole, ana glovu na jeli, kisha mpira. Ukishaingia, yeye macho yake yako kwenye skrini, wala hakutazami tena

Rukia: Ukitaka daktari mwanaume sema pale mapokezi mapema. Akiwepo watakupa. Si aibu kuomba

Salehe: Na ile hewa?

Rukia: Wanapuliza hewa ili utumbo ufunguke waone kuta zake. Ndiyo inayobana tumbo. Na lazima itoke, mjomba, hapo hapo na baadaye. Usiizuie. Sisi tunawaambia wagonjwa waiachie, tumeshazoea

Idi: Siku pekee mjomba ataruhusiwa kushuta mbele za watu na akapongezwa

Zuhura: Idi!

Salehe: Na swala?

Zuhura: Unatawadha upya, Salehe. Hiyo nayo ya kuuliza kwenye kikundi

Rukia: Dawa zako zote ziandike kwenye karatasi uende nazo. Ya presha, ya sukari, na ile aspirini. Mkisikia mtu anatumia warfarini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu lazima aseme kabla, kwa sababu wakikata kitu atavuja. Usiache dawa kwa akili yako, mpigie aliyekuandikia. Jumapili chakula chepesi: wali mweupe, mkate mweupe, samaki, mchuzi uliochujwa. Maharage, mchicha, mapera na mahindi ya kuchoma viache

Fatuma: Mapera ndiyo ugonjwa wake

Zuhura: ⏩ Imesambazwa mara nyingi: "BAWASIRI KWAHERI! Twanga kitunguu saumu na habat soda..."

Rukia: Mama

Zuhura: Nimetuma tu

JUMATATU

Asha: Tumefika saa 1 na nusu. Watu wamejaa. Ameshapewa enima, ameenda chooni mara nne, hataki kuongea na mtu

Asha: Halafu dada mmoja wa hapa katoka mlangoni akaita kwa sauti "MZEE WA KIPIMO CHA NYUMA NI NANI?" Ukumbi mzima ukageuka. Baba akabaki anaangalia dari

Mwanahawa UK: Jamani. Hana jina huyo mzee?

Rukia: Hiyo imenikera. Asha, mwambie mjomba nimeomba radhi kwa niaba ya kazi yetu

Asha: Ameingia saa 4 na dakika 10

Zuhura: Tunasoma dua hapa

Asha: Ametoka. Saa 4 na dakika 25. Anatembea mwenyewe

Idi: Dakika kumi na tano! Mimi kinyozi hunichukua nusu saa

Asha: Anasema ana njaa

Rukia: Kama hakupewa dawa ya usingizi anaweza kula kawaida na kurudi nyumbani. Wangemchoma, ingebidi awe na mtu wa kumsindikiza na siku nzima asiendeshe chombo

Salehe: Nipo. Nimekula chapati mbili. Nitaandika mwenyewe ili msiulize ulize.

Salehe: Ilikuwa kama alivyosema dada. Daktari kijana, mwanaume, kaniambia kila anachofanya kabla hajafanya. Kidole ndiyo kilinishtua, mpira wenyewe sikuusikia sana mwanzoni. Kwenye kona hapo nilimshika nesi mkono bila kumuomba. Tumbo likajaa kama puto. Wakasema achia mzee, nikaachia, nikasema samahani, wakasema ndiyo tunataka.

Salehe: Wamekuta bawasiri ya ndani. Na kinundu kimoja kama kiuyoga, kina bua lake. Milimita 8. Akapitisha kikamba cha waya ndani ya ule mpira, akakivalisha kile kinundu kitanzi, akavuta, kikakatika. Natazama kwenye televisheni. Sikusikia kitu, wallahi. Ni kama unavyokata uzi kwenye kifungo

Zuhura: Kinundu?? Ndiyo saratani?

Rukia: Hatujui mama, ndiyo maana kimeenda maabara. Vingi si saratani. Vichache vikiachwa miaka mingi vinaweza kugeuka, ndiyo sababu vinatolewa vikiwa vidogo. Hakuumia kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia ya kukatwa

Salehe: Majibu wiki mbili

Salehe: [picha]

Idi: Mjomba nilikuwa nakula 😭

Salehe: Ni utumbo wa mjomba wako. Utazame

Mwanahawa UK: Mzuri, msafi. Umenizidi, wewe huna mbegu ya nyanya

Rukia: Leo na kesho ukiona damu kidogo usishtuke, wametoa kitu. Ikiwa nyingi, au yenye mabonge, au tumbo likawa gumu linauma bila kuachia, au homa, usisubiri kucha. Rudi hospitali. Utumbo kutoboka ni nadra sana lakini hutokea. Asha umesoma?

Asha: Nimesoma. Nimepiga picha ujumbe

Salehe: Kuna jingine. Wamesema kwa kuwa wamekuta hicho kinundu, nirudi waangalie utumbo wote, mpira mrefu. Tarehe 14

Rukia: Kolonoskopi. Ni kawaida, palipo na kimoja, huko juu panaweza kuwa na mwenziwe. Hiyo hupewi enima pekee. Unakunywa dawa, lita kadhaa, kuanzia jioni ya jana yake. Na kabla ya hapo maji maji tu, chai ya rangi, juisi iliyochujwa isiyo nyekundu

Zuhura: Lita!

Mwanahawa UK: Mume wangu aliinywa na ndimu, ikapita. Chooni alikaa usiku kucha na simu na chaja yake

Asha: Baba wapangaji sita

Idi: Na kitasa kibovu

Asha: Nitanunua kitasa

Salehe: Kitasa hakipunguzi wapangaji. Rukia mwanangu, kwako choo ni cha ndani?

Rukia: Cha ndani mjomba. Na maji yanatoka

Salehe: Nakuja tarehe 12

Fatuma: Na mimi nakuja. Mapera yasije yakapitia dirishani