Naomba ushauri: riwaya inakatika kila mwisho wa mwezi

Habari zenu wakuu. Swali hili ni kwa wanaoandika riwaya huku wameajiriwa.

Mpango ni riwaya ya maneno 50,000, saa moja na nusu kila alfajiri, siku 5 kwa wiki. Kwa maneno 350 kwa siku, rasimu ya kwanza inaisha baada ya wiki 29 hivi. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia mtumishi wa posta Uingereza karne ya 19, alianza saa 11:30 alfajiri, akasoma nusu saa alichoandika jana, kisha akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kiwango hicho msikinakili kwa Kiswahili: "nisingalimwambia" ni neno moja kwetu, kwa Kiingereza ni sita.

Mambo huharibika hesabu za ofisi zinapofungwa. Siku 5 au 6 bila kuandika, sauti ya msimulizi inapotea. Kurudi kusoma toka sura ya kwanza kunakula muda wote, na mkono unaanza kurekebisha badala ya kuendelea. Kuacha sentensi katikati ili pawe pa kuanzia husaidia pengo la siku moja, si la wiki.

Mnavukaje pengo hilo? Daftari la wahusika, muhtasari wa kila sura, au kujirekodi kwa simu njiani? Na muhtasari uwe mrefu kiasi gani bila kuua hamu ya kuandika? Hili la mwisho ndilo linanitia wasiwasi zaidi.