Shiloh: Marty alimwokoa mbwa au alimwiba?

Mtoa mada: Wana Mtwara na Lindi, filamu ya Shiloh (1996): mtoto Marty anamficha mbwa anayeteswa na mwenyewe, Judd, na kuwadanganya wazazi. Watoto wetu waoneshwe?

Mnewala: Wasioneshwe. Mbwa ana mwenyewe. Halafu mbwa wa shamba asipofungwa hawi mkali, nguruwe mwitu watamaliza mihogo.

Bi Mkubwa Mikindani: Hapo kwenye kufunga umekosea kabisa! Aliyefungwa atamfukuzaje nguruwe? Ukali huo ni woga, ndiyo maana huanza kumuuma mtoto wa nyumbani.

Mnewala: Bi Mkubwa, usinifundishe mbwa. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa.

Bwana Mifugo Nachingwea: Anafungwaje? Tatizo ni kamba aliyovishwa angali mdogo: shingo inanenepa, kamba iko vilevile, inazama kwenye nyama. Manyoya yanaficha kidonda, nzi wanataga, funza hao. Mvishe ukosi mpana, vidole viwili vipite chini yake, mkague kila wiki. Vuta waya kati ya miti miwili, tia pete, mnyororo uning'inie kwenye pete. Atatembea bila kujizonga. Kivuli na maji lazima. Na pilipili kwenye ugali haileti ukali, inamuunguza tumbo tu.

Kijana wa Lindi: Mbwa najisi, nyie mnataka watoto wamkumbatie?

Bi Mkubwa Mikindani: Sisi Mashafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo, basi. Kwenye Bukhari yumo mtu aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Wapi pameandikwa apigwe?

Bwana Mifugo Nachingwea: Hofieni kichaa cha mbwa. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hospitali siku hiyohiyo. Msingoje dalili, zikishatokea, hakuna dawa. Mbwa achanjwe kila mwaka. Kijiji kikichanja 70 katika kila 100, ugonjwa unakatika.

Mnewala: Sijasema apigwe! Nimesema ana mwenyewe. Marty angemlipa.

Bi Mkubwa Mikindani: Mbona alilipa! Kwenye kitabu cha Naylor kilichozaa filamu, alifanya kazi saa 20, dola 2 kwa saa. Na Judd alikubali kumwachia mbwa kwa vile mtoto alimfuma ameua paa nje ya msimu unaoruhusiwa kuwinda.

Mnewala: Basi si wizi, ni kumbana mtu kwa siri yake. Hilo ndilo mnataka watoto wajifunze? Bwana Mifugo, huo waya uwe mita ngapi?