Tupeane uzoefu: keki uliyooka nyumbani ikakuharibikia

Mama Watoto, Bombo
Wapendwa, habari za leo. Juzi binti yangu ametimiza miaka 7 na keki aliyoisubiri wiki nzima imeniharibikia. Moyo umeniuma sana. Sina oveni, naokea sigiri: sufuria kubwa, mchanga chini, bati la keki juu ya mchanga, nafunika kisha napanga makaa juu ya mfuniko. Mayai 6 yote nilikuwa nayo, siagi na sukari nimevipiga mpaka vikawa vyeupe. Dakika ya 20 nikasikia harufu ya kuungua. Kufunua, chini kumekuwa kweusi unene wa kidole, katikati bado uji. Kijiti nilichochomeka kilitoka kinachuruzika. Mtoto amesimama mlangoni na gauni lake la njano, ananiuliza, "Mama, imeiva?" Nilishindwa kumjibu.

Mnaookea makaa, moto mnaugawaje? Na wewe uliyepatwa na yako, tuletee hapa tujifunze.

Dada wa Jinja
Pole sana dada, na umpe mtoto pole yake. Kosa liko chini. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini uache machache tu, tena yaliyokwisha kushika majivu. Joto la chini hupanda lenyewe kupitia mchanga, halihitaji nguvu.

Yangu ilikuwa mkate wa bogoya, zile ndizi tamu za kuiva. Dukani walinipimia unga mweupe kwenye kifuko kisicho na maandishi, nikaambiwa ni beking pauda, nikatia vijiko vitatu. Kumbe ni beking soda, ambayo nguvu yake ni kama mara tatu ya pauda. Mkate ulitoka rangi ya matofali, na ukiuma unasikia sabuni. Soda inataka kitu kichachu cha kupambana nacho, mtindi au limau. Ikizidi, inabaki humo na uchungu wake. Siku hizi kabla ya kutia natupa kijiko kimoja kwenye maji ya moto matupu. Pauda hutoa povu palepale, soda hutoa kidogo sana mpaka uidondoshee limau.

Mwalimu, Kabale
Mimi nilihamishwa kutoka Kampala nikaja na vipimo vyangu vilevile vya miaka yote. Keki tatu mfululizo zilifura haraka zikamwagikia pembeni, halafu zikabonyea katikati kama bakuli. Nililaumu unga, nikalaumu mayai, nikabadilisha hata duka. Kumbe ni mlima! Kampala iko kama meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, huku Kabale tuko karibu 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo gesi ndani ya keki hutanuka upesi kabla unga haujashikana. Sasa pauda napunguza robo, sukari napunguza kijiko, maziwa naongeza kidogo, na moto nautia nguvu zaidi. Tangu hapo hainywei.

Kijana wa Tororo
Oveni ya umeme, keki ya kwanjula ya dada yangu, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, umeme ukakatika dakika ya 15. Nikafungua mlango kuangalia, ikanywea mbele ya macho yangu. Ningeuacha umefungwa, joto lililokuwamo lingeisogeza mbele kidogo. Hilo bado linaniuma, maana wageni walikuwa njiani.

Mama Watoto, Bombo
Dada wa Jinja, Mungu akubariki. Leo nimerudia: makaa matano tu chini, juu nimejaza, na sikufunua mpaka dakika ya 35. Kijiti kimetoka kikavu. Binti amekata kipande cha kwanza akampelekea bibi yake, cha pili amekuja kunilisha mwenyewe kwa mkono wake. Gauni ni lilelile la njano.

Mwalimu, naomba swali: mandazi nayo huko juu huyapunguzii hamira?